UZI: Kupima tritiamu iliyonasa ndani ya aloi za mtambo wa muungano wa viini bila kuharibu sampuli

Iyunga_Metali:

Mugonile wadau. Naomba wanaojua metali na mionzi tukae kwenye jambo moja mpaka lieleweke.

Chukulieni vipande sita vya chuma cha EUROFER97, kromi takriban asilimia 9 na tangsteni asilimia 1 na ushee. Kila kipande ni 10 × 10 mm, unene 2 mm. Vimekaa kwenye gesi yenye tritiamu, yaani haidrojeni yenye mionzi, kwa 300°C, vikapozwa. Tunataka kujua tritiamu kiasi gani imebaki ndani na iko kina gani, halafu kipande kirudi kizima kwenye jaribio linalofuata. Kukipasha moto mpaka gesi yote itoke, au kukiyeyusha kwa asidi na kuhesabu kwenye kimiminika kinachometa, kunatoa namba nzuri lakini sampuli inakuwa imekwisha.

Umuhimu wake mnaujua. ITER, mtambo wa kimataifa wa muungano wa viini unaojengwa Ufaransa, imejiwekea ukomo wa kilo 1 ya tritiamu ndani ya chombo cha ombwe, na ukomo wa uendeshaji ni gramu 700. JET, mtambo wa majaribio wa Uingereza, mwaka 1997, kuta zikiwa za kaboni, iliingiziwa gramu 35 na karibu theluthi yake ikabaki imenasa ndani kabla ya usafishaji. Mtambo ukifika ukomo huo unasimama, hivyo lazima mtu aweze kusema iliyonasa ni kiasi gani na iko wapi.

Nani aanze?

Fundi_Makambako:

Mkuu, mimi ni mtu wa kukagua weldi, mionzi naijua kwa upande wa filamu. Kaunta ya mionzi ya kawaida, Geiger, ikiwekwa juu ya kipande haitoshi?

Dada_Isotopu:

Kaka Fundi, haitoshi, na sababu yake ndiyo msingi wa uzi wote.

Tritiamu haitoi gama. Inatoa beta peke yake, yaani elektroni, nguvu ya juu 18.6 keV na wastani 5.7 keV. Hewani beta hizo zinakufa ndani ya milimita 6 hivi. Dirisha la maika la Geiger ni zito mno kwao, kwa hiyo kaunta itakaa kimya juu ya kipande chenye tritiamu tele, na wewe utaandika kuwa ni kisafi. Ndani ya chuma ni finyu zaidi: zenye nguvu kabisa hazifiki mikromita 2, na nyingi zinaishia kwenye theluthi ya kwanza ya mikromita. Ukihesabu beta umepima ngozi ya metali. Nyama yake hujaigusa.

Ila beta inaposimama ndani ya metali, sehemu ndogo sana ya nguvu yake, kama moja kwa elfu au pungufu, inageuka kuwa eksirei. Ziko za aina mbili. Kuna eksirei za breki, za beta kupunguzwa kasi, zinazotapakaa kuanzia chini mpaka 18.6 keV. Kuna na zile za utambulisho wa elementi: kromi 5.41 keV, chuma 6.40, nikeli 7.47, tangsteni 8.40 na nyingine laini ya 1.77. Eksirei hizi zinatoka kwenye kina ambacho beta haiwezi kutoka. Unaweka kitambuzi cha silikoni chenye dirisha jembamba la berili mbele ya sampuli, unakusanya spektra (hesabu ya eksirei kwa kila nguvu), kisha unafanya hesabu ya kurudi nyuma kutoka spektra hadi kina. Njia hii inajulikana kwa kifupi kama BIXS. Iliendelezwa sana Japani, Chuo Kikuu cha Toyama.

Kipimo_Iringa:

Kamwene wote. Naongeza kwa Dada Isotopu, maana watu wengi wanafurahia BIXS bila kuuliza inaona mpaka wapi.

Mnunuzi wa mahindi anachoma bambo kwenye gunia, anatoa kiganja cha punje, anapima unyevu. Bambo likiingia kwenye kona tu, namba aliyopata ni ya kona. Urefu wa bambo la BIXS unaamuliwa na jinsi metali inavyomeza eksirei. Nimezipiga hesabu, ni kina ambacho eksirei zinapungua kubaki asilimia 37:

Kwenye chuma, eksirei ya 6.40 keV: mikromita 18. Ya 10 keV: mikromita 7 hivi.
Kwenye tangsteni, 10 keV: mikromita 5.
Kwenye berili, 5 keV: milimita 1.2. Ya 10 keV: zaidi ya milimita 8.

Hapo mnaona mabadiliko ya ITER yanavyotugusa sisi wa vipimo. Mwaka 2023 walipendekeza ukuta wa kwanza uwe wa tangsteni badala ya berili. Kwenye berili ungeweza kuona mpaka ndani ya kigae. Kwenye tangsteni unaona mikromita chache.

Turudi kwenye vipande vya Iyunga. Unene ni mikromita 2,000. Ukipima pande zote mbili, mikromita 20 kila upande, umeona asilimia 2 ya metali. Zile 98 nyingine unazikisia. Makisio si dhambi, lakini ripoti isiyosema kina kilichoonekana siikubali, hata namba iwe na tarakimu nne baada ya nukta.

Iyunga_Metali:

Sasa asilimia 2 inanisaidia nini?

Dada_Isotopu:

Inakusaidia kama unajua tritiamu ilivyoingia. Chuma cha aina hii kinapitisha haidrojeni upesi. Kwa 300°C saa chache zinatosha kufika katikati ya 2 mm. Kwa hiyo dhana ya kwanza ni kwamba ndani imesambaa sawasawa, na juu kuna tabaka la oksidi lenye mkusanyiko wake tofauti kabisa. Hayo ni mambo mawili usiyojua, na spektra moja inaweza kuyatenganisha.

La juu linapimwa kwa arigoni. Unajaza gesi ya arigoni kati ya sampuli na kitambuzi. Beta zinazotoka kwenye ngozi zinagonga arigoni, nayo inatoa eksirei yake ya 2.96 keV. Kilele hicho ni sauti ya ngozi. Kilele cha chuma cha 6.40 pamoja na breki za juu ni sauti ya ndani.

Kwa EUROFER kuna alama moja naipenda kuliko zote. Itazameni spektra karibu na 7.11 keV. Chini kidogo ya hapo, eksirei ya breki inatembea mikromita 24 ndani ya chuma. Juu kidogo ya hapo chuma kinaanza kuimeza kwa nguvu na inatembea mikromita 3 tu. Kwa hiyo breki zina ngazi pale. Tritiamu ikiwa yote kwenye ngozi, ngazi ni ndogo, karibu haionekani, kwa sababu eksirei hazina metali ya kupita. Ikiwa imesambaa ndani, upande wa kulia wa 7.11 unaporomoka. Urefu wa ngazi hiyo unakuambia kina hata kabla hujafungua programu ya hesabu. Angalia tu usichanganye na mkia wa kilele kidogo cha chuma cha 7.06, maana kitambuzi kizuri kina upana wa 0.13 keV hivi na vinagusana. Kwenye chuma kisichoshika kutu cha 316 alama hii inafunikwa na nikeli ya 7.47. EUROFER haina nikeli ya kuleta shida.

LolezaJuu:

Wakuu, hapo kwenye arigoni kuna mtego kwa mtu yeyote atakayefunga chombo hiki huku kwetu nyanda za juu.

Mbeya mjini tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari. Shinikizo la hewa ni takriban kPa 83, wakati Dar es Salaam ni 101. Ukitiririsha arigoni wazi, inakaa kwa shinikizo la hewa ya nje. Gesi yetu ni nyepesi kwa karibu moja ya tano, beta inakwenda mbali zaidi kabla ya kusimama. Kama nafasi kati ya sampuli na dirisha ni milimita 3 au 4, beta zenye nguvu zitagonga dirisha badala ya kumaliza safari ndani ya arigoni, na kilele cha 2.96 kitapungua. Ukitumia kalibresheni ya maabara iliyo usawa wa bahari, utasema ngozi ina tritiamu pungufu kuliko iliyopo.

Dawa ni mojawapo kati ya hizi: chumba kilichofungwa chenye kipimo cha shinikizo, ujaze mpaka kPa 101 kila mara, au nafasi iwe milimita 8 ili karibu beta zote zisimame ndani ya gesi hata kwa shinikizo letu. Kwa milimita 8 utapoteza karibu moja ya tano ya eksirei za 2.96 kwa kumezwa na arigoni yenyewe kwa shinikizo la bahari, kwetu pungufu kidogo, lakini hiyo inahesabika. Mimi nachagua chumba kilichofungwa, shinikizo likaandikwa kwenye kila faili.

Kipimo_Iringa:

LolezaJuu umegusa penyewe. Na nafasi hiyo ipimwe kwa makini sana. Kitambuzi cha milimita 25 za mraba kikiwa milimita 8 juu ya katikati ya sampuli kinapokea asilimia 3 tu ya eksirei zinazotoka. Ukisogea nusu milimita umepoteza karibu asilimia 10 ya hesabu. Kwa hiyo kishikio cha sampuli kichongwe kwenye lezi, kiwe na mfereji wa 2 mm ambamo kipande kinakaa hakichezi, na kituo cha chuma kinachogota mahali pamoja kila mara. Kubandika kwa gundi au utepe ni kuomba matatizo, pia gundi ina haidrojeni ya kubadilishana na tritiamu.

Fundi_Makambako:

Nashukuru sana, nimeelewa Geiger ilivyofeli. Hizi bunduki za XRF, za kupiga eksirei na kutambua elementi, wanazopimia mawe Chunya zina kitambuzi hicho hicho cha silikoni. Haziwezi kufanya kazi?

Dada_Isotopu:

Wazo zuri, kaka. Kitambuzi ni cha jamii moja. Kwenye XRF bomba la eksirei ndilo linalochochea metali. Kwetu beta ndizo zinazochochea, kwa hiyo bomba lazima lizimwe. Kama programu yake inaruhusu kuhesabu bila kuwasha bomba, utapata spektra. Lakini hakuna pa kujaza arigoni, pua inagusa sampuli moja kwa moja, na chombo kikishaguswa na tritiamu kinabaki na kumbukumbu yake. Kwa mazoezi ya kutambua vilele ni sawa. Kwa kipimo cha kweli, hapana.

Iyunga_Metali:

Hilo la kumbukumbu tulieleze.

Dada_Isotopu:

Tritiamu inahama. Inatoka kwenye sampuli ikiwa gesi au mvuke wa maji, inanata kwenye kuta za chumba na kwenye dirisha la kitambuzi. Kipimo cha kesho kinaanza na hesabu ya jana. Kwa hiyo kila siku pima chumba kitupu kabla, na kitupu tena baada, kwa muda ule ule uliopima sampuli au angalau nusu yake. Kitupu cha baada kikizidi cha kabla, tofauti hiyo imetoka kwenye sampuli yako na lazima uiandike. Utando mwembamba wa plastiki juu ya sampuli unakinga kitambuzi, ila unameza beta nyingi na kilele cha arigoni kinaharibika. Ukichagua utando, kalibresheni nayo ifanywe na utando huo huo.

Halafu unyevu. Masika ya huku, kuanzia Novemba mpaka Aprili, hewa imebeba maji. Mvuke wa maji unabadilishana haidrojeni na tritiamu ya ngozi. Kipande kikikaa mezani siku mbili, ngozi yake si ile iliyotoka kwenye tanuru. Hifadhi ndani ya ombwe au arigoni kavu, na andika saa kilipotolewa na saa kilipoanza kupimwa. Usikifute kwa kitambaa kabla ya kupima BIXS. Jaribio la kufuta lifanyike mwisho, kwa sababu linabeba kile kile ulichotaka kukihesabu.

Kipimo_Iringa:

Hatujataja bamba la picha, linalohifadhi alama ya mionzi iliyoligusa, nalo lina nafasi yake. BIXS ya kawaida inatoa wastani wa kipande kizima. Bamba linatoa ramani, unaona kingo zina tritiamu zaidi ya katikati, au ufa umekusanya.

Bamba la aina ya TR halina tabaka la kinga juu, ndiyo maana beta za tritiamu zinalifikia. Aina ya MS ina kinga ya mikromita 9. Beta zinakufa humo, eksirei zinapita. Weka kipande kwenye TR, kisha kwenye MS, muda sawa. Picha ya pili ni ya ndani, ya kwanza ni mchanganyiko wenye ngozi zaidi. Ni saa kadhaa mpaka siku kadhaa gizani, kisha linasomwa kwa leza nyekundu.

Linaloharibu hapa ni kufifia. Picha iliyofichika kwenye bamba inafifia kabla ya kusomwa, na kasi yake inafuata joto la chumba. Chumba cha Iringa au Njombe usiku wa Julai si chumba cha Novemba mchana. Usilete kalibresheni ya mwezi mwingine. Weka kipande cha rejea chenye tritiamu inayojulikana kwenye bamba lile lile, wakati ule ule, ili vyote vifife pamoja na uwiano ubaki. Tena TR ikichafuka haifutiki. Hapo utando mwembamba ni lazima.

LolezaJuu:

Na kalorimita, ya kupima joto ambalo tritiamu inatoa? Inapima tritiamu yote bila kujali kina.

Kipimo_Iringa:

Kweli, na kwa hilo ni njia safi kuliko zote. Gramu 1 ya tritiamu inatoa wati 0.324 za joto. Kwa vyombo vya kuhifadhia tritiamu, vyenye gramu nzima, hakuna kinachoishinda. Piga hesabu ya kipande chetu sasa. Kalorimita inayotambua mikrowati 1 inahitaji mikrogramu 3, ambayo ni bekereli bilioni 1.1. Kipande chenye bekereli milioni chache kiko chini mara mia kadhaa. Hakitaonekana.

Ndiyo maana ushauri wangu kwa vipande sita ni huu: toa kimoja kiwe kafara. Pima vyote sita kwa BIXS pande mbili, kisha kimoja kipashwe moto, gesi yake yote ihesabiwe. Kama jumla ya moto na jumla uliyokisia kwa BIXS zinakubaliana, dhana ya kusambaa sawasawa imeshika na vitano vilivyobaki vinaaminika. Zikiachana, kuna tritiamu kwenye mitego ya kina ambayo eksirei haikuifikia, au ngozi imekudanganya. Kupoteza kimoja ili vitano viwe na maana si hasara.

Iyunga_Metali:

Nakubali. Je, sampuli ikiwa imetoka kwenye mtambo wenyewe, imeshapigwa na nyutroni?

Dada_Isotopu:

Hapo ndipo pagumu kweli. Nyutroni zinageuza chuma kuwa Fe-55, isotopu ya chuma yenye mionzi na nusu-uhai wa miaka 2.74, na hiyo inatoa eksirei ya manganizi ya 5.90 keV kutoka ndani ya sampuli yenyewe. Inaketi katikati ya kromi 5.41 na chuma 6.40, tena kilele kidogo cha kromi kiko 5.95, hawatenganishiki. Ni isotopu ile ile tunayoitumia kukalibreti kitambuzi! Juu yake kuna manganizi-54 na kobalti-60 zenye gama kali, zinainua msingi wa spektra yote. Kilele cha arigoni bado kinaweza kusomeka kama uchafu wa gama si mkubwa, kwa hiyo ngozi unaipata. Kina unakikosa. Kwa sampuli za namna hiyo nisingeahidi BIXS peke yake, ningeandaa tanuru.

Leza inaweza kusaidia pia. Inapasha doa dogo kwa muda mfupi sana, gesi inayotoka inapimwa kwa kipima tungamo. Inaacha alama ya doa, haiharibu kipande chote. JET wameitumia ndani ya mtambo. Siiiti isiyoharibu, lakini uharibifu wake unavumilika.

Fundi_Makambako:

Kwa sisi tusio na tritiamu, mazoezi tunaanzia wapi? Nataka kijana wa karakana azoee.

LolezaJuu:

Ndugu yangu, kuna njia tatu, na kila chanzo cha mionzi kinahitaji kibali cha Tume ya Nguvu za Atomu, Sheria Namba 7 ya 2003. Hilo halina njia ya mkato.

Ya kwanza ni hadubini ya elektroni yenye kitambuzi cha eksirei. Weka kipande cha chuma safi, ipige kwa kilovolti 18, kisha 10, kisha 6. Elektroni ni elektroni. Utaona breki na vilele vile vile, na utaona kilele cha chuma kinapotea kabisa ukishuka chini ya 7.1.

Ya pili ni kijichupa kilichofungwa chenye gesi ya tritiamu, kile kinachong'aa gizani. Eksirei zinapita kioo, na utakuta zinki ya 8.64 kutoka kwenye unga unaong'aa. Kisivunjwe wala kukwanguliwa kwa namna yoyote.

Ya tatu haihitaji mionzi: uigaji kwa kompyuta. Programu ya Geant4, ya kuiga safari za chembe, ni ya bure. Gawa chuma matabaka, mfano ya mikromita 2 mpaka kufika 60, weka tritiamu tabaka moja moja, hifadhi spektra ya kila tabaka. Spektra ya kweli unaifanya jumla ya hizo. Usiruhusu programu iweke kiasi hasi kwenye tabaka, na usitumie matabaka mengi kuliko data inavyobeba. Kwa hesabu elfu moja kwenye kilele, kosa ni asilimia 3, matabaka matatu yanatosha. Ukiweka thelathini utapata mchoro wa mawimbi ambao hauna ukweli wowote ndani yake.

Iyunga_Metali:

La mwisho kutoka kwangu. Kipimo ni saa 24, umeme wa huku unakatika. Nafanyaje?

LolezaJuu:

Usihifadhi faili moja ya saa 24. Hifadhi spektra kila dakika 30, faili 48, kila moja na muda wake halisi wa kuhesabu, joto la kitambuzi na shinikizo la arigoni. Umeme ukikatika, kitambuzi kinapoteza ubaridi na vilele vinahama. UPS ishike kitambuzi na kompyuta, pampu ya ombwe iwe na vali inayojifunga yenyewe ili mafuta yasirudi chumbani. Umeme ukirudi, subiri joto litulie, pima Fe-55 dakika tano, hakikisha 5.90 iko palepale, ndipo uendelee. Faili ambayo kilele cha chuma kimehama zaidi ya 0.02 keV itupe, nyingine 47 bado ni zako.

Na tarehe iandikwe kwenye kila faili, maana tritiamu yenyewe inapungua asilimia 5.5 kwa mwaka. Kipande cha rejea chenye cheti cha miezi minne iliyopita kimeshapoteza karibu asilimia 2.

Dada_Isotopu:

Nakazia hapo kwa LolezaJuu: zikishafika faili 48, zipange kilele cha arigoni kwa saa. Kikishuka polepole huku cha chuma kimetulia, ngozi inapoteza tritiamu ndani ya chumba chako, na namba ya ngozi ya kuandika ni ile ya nusu saa ya kwanza.

Iyunga_Metali:

Asanteni sana. Naanza kuchora kishikio cha lezi, mfereji 2 mm, nafasi milimita 8, chumba cha kufungwa. Mchoro ukiwa tayari nauweka hapa mkosoe vipimo kabla metali haijakatwa.